Mlima Hausomi Boksi

Anayetoka Lindi au Mtwara kwenda Masasi, akishaipita Nanganga, huona mkono wake wa kushoto ukuta mrefu wa kijani umesimama. Huo ndio ukingo wa Uwanda wa Makonde. Chini ya ukuta huo ipo Ndanda, yenye abasia ya Wabenedikti iliyoanzishwa mwaka 1906, hospitali, shule na chemchemi zinazotoka ubavuni mwa mlima. Juu, upande wa pili wa uwanda, ipo Newala, ambako mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini hadi Msumbiji. Kati ya watu wa chini na watu wa juu kuna mteremko, na kila siku ya Mungu kuna magari yanayoupanda na kuushuka: Noah, Haisi, Probox, Kenta, Fuso. Yakipanda, tunasikiliza injini. Yakishuka, tunategemea breki.

Oktoba inapoingia na minada ya korosho kuanza, fedha hupita mikononi, magari huongezeka barabarani, na kwenye gereji za njiani huamka hoja ile ile ya kila mwaka: pedi za breki zipi zinunuliwe? Orijino, zenye nembo ya kampuni iliyounda gari, au hizi nyingine zinazouzwa kwa robo ya bei? Nimeipanga hoja hiyo hapa kwa sauti nne. Aliyewahi kungoja gari lake chini ya mwembe wa fundi atazitambua. Sikuzipa majina kwa sababu hakuna hata moja iliyo ya mtu mmoja.

Tuione gereji kwanza. Noah imepandishwa jeki, tairi la mbele limevuliwa, kalipa imefunguliwa na kufungwa kwa waya ili isining'inie kwenye bomba lake la mafuta. Chini, juu ya gunia la korosho, fundi ameweka pedi tatu. Moja ni ile iliyotolewa sasa hivi. Ya pili imetoka kwenye boksi lenye nembo maarufu. Ya tatu imetoka kwenye boksi lisilo na jina la kiwanda, limeandikwa tu kwamba vilivyomo ni imara. Dereva amechuchumaa. Muuza spea amekuja na pikipiki kutoka Masasi akiwa na maboksi zaidi kwenye mfuko. Kwenye benchi ameketi mama mmoja, muuguzi mstaafu, anayesubiri gari hilo hilo limfikishe Newala.

DEREVA: Shikamoo mzee. Mimi sina maneno mengi. Bosi katuma hela ya pedi za kawaida, na abiria wangu ndio hao wananisubiri. Bei ya hizo orijino mimi nachukua hizi za kawaida seti tatu na chenji inabaki. Pedi zote zinasugua, zote zinaisha. Sasa kwa nini nitupe hela kwenye nembo?

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Umesema zote zinasugua, na hapo umesema kweli, lakini nusu. Hebu shika hii niliyoitoa kwenye gari lako. Inuse.

DEREVA: Inanuka kuungua.

FUNDI: Itazame uso wake. Unang'aa kama kioo, na hapa katikati pana ufa unaokwenda mpaka pembeni. Sasa tazama unene: bado upo zaidi ya nusu. Kwa hiyo pedi hii haijaisha. Imepikwa. Pedi si kipande cha chuma. Ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, grafiti na unga wa mawe, vyote vikashikwa kwa gundi ya resini, vikagandamizwa na kuokwa juu ya bamba la chuma. Kila kiwanda kina mapishi yake. Ikizidiwa na moto, gundi inatoa gesi. Gesi ile inakaa kati ya pedi na diski, na wewe unakanyaga pedali ngumu kabisa huku gari linaendelea kushuka. Baadaye pedi ikipoa unasema breki zimerudi. Hazijarudi. Uso umeshakuwa kioo.

DEREVA: Mbona Masasi mjini nilikuwa nasimama vizuri tu?

FUNDI: Mjini kila pedi ni nzuri. Unakanyaga mara moja, unaachia, upepo unaipoza. Ubora wa pedi haujulikani kwenye kituo cha basi. Unajulikana dakika ya tano ya mteremko, watu wamejaa na magunia yako juu.

Hapa naomba kuingilia kwa hesabu ndogo, maana neno "joto" husemwa kwa wepesi kuliko uzito wake. Tuchukue gari ambalo pamoja na abiria na mizigo lina tani mbili. Tuseme linashuka mita 400 kutoka juu hadi chini, na dereva analizuia kwa breki peke yake. Nguvu yote ya mshuko ule haipotei. Inageuka joto kwenye diski na pedi. Joto hilo linatosha kuchukua lita 25 za maji ya kawaida na kuyafikisha kwenye mchemko. Wanaojua historia ya Newala, ambako kwa miaka mingi maji yalifuatwa bondeni na kubebwa kichwani kupanda mlima, wanajua uzito wa ndoo iliyojaa. Hebu fikiri ndoo moja na ushee ya maji yanayotokota, kisha joto hilo lote ulisukumie kwenye diski na vipande vya pedi vinavyoenea kiganjani. Hiyo ndiyo kazi tunayoipa pedi kila safari.

MUUZA SPEA: Fundi kasema vizuri, lakini naomba neno "orijino" tulifungue, maana ndilo linalouza na ndilo linalotapeli. Watu wanadhani Toyota ana kiwanda chake kinachooka pedi. Kampuni za magari kwa kawaida hununua pedi kwa viwanda vya breki. Kwa magari ya Kijapani utakutana na ADVICS, iliyoundwa mwaka 2001 na Aisin, Denso, Sumitomo Electric na Toyota wenyewe. Utakutana na Akebono, iliyoanza mwaka 1929. Utakutana na Nisshinbo. Hao ndio wapishi. Pedi ikitoka kwa mpishi ikatiwa kwenye boksi la kampuni ya gari, inaitwa orijino, na bei inapanda. Mpishi huyo huyo akiitia kwenye boksi lenye jina lake mwenyewe, bei inashuka, wakati mwingine sana. Kwa hiyo mimi nina ngazi nne dukani. Ya kwanza, boksi la kampuni ya gari. Ya pili, boksi la kiwanda kinachoipikia kampuni hiyo. Ya tatu, boksi la kiwanda kingine chenye jina na historia. Ya nne, boksi lisilo na mwenyewe. Ugomvi wenu mmeuweka kati ya ngazi ya kwanza na ya nne, mkaziruka mbili za katikati.

DEREVA: Na hizo za kwanza nazo zinaigwa. Mwenyewe umeniambia juzi.

MUUZA SPEA: Zinaigwa, sikatai. Tena nitakwambia jambo ambalo wenzangu hawapendi lisemwe: nembo inayoheshimika zaidi ndiyo inayoigwa zaidi. Hakuna mtu anayejisumbua kuiga boksi lisilojulikana. Ndiyo maana anayeingia dukani akauliza tu "orijino ipo?" amejiweka pabaya. Atajibiwa ipo.

DEREVA: Basi mzee, hukumu imekwisha! Kama hata orijino inaweza kuwa feki, bora ninunue ya bei rahisi nijue moja. Au nitafute pedi za mtumba, zile zilizovuliwa kwenye magari ya Japani. Zile ni orijino kabisa, hakuna ubishi.

FUNDI: Noti bandia zipo, lakini hatujaacha kutumia noti. Tumejifunza kuzitazama kwenye mwanga. Na hoja yako ya mtumba nitaijibu kwa heshima, maana ina akili ndani yake. Kalipa ya mtumba, habu ya mtumba, hata bomba la usukani, mara nyingi nakushauri uchukue, kwa kuwa kifaa cha kwanza kilichotengenezwa vizuri kinaishi miaka mingi. Lakini pedi ni kitu cha kuliwa, kama mshumaa. Ukinunua mshumaa uliokwisha kuwaka, unanunua kilichobaki, na hujui uliwakia wapi. Pedi ya mtumba hujui imepikwa mara ngapi, imelowa mafuta gani, imekaa miaka mingapi kwenye unyevu mpaka tabaka la msuguano linaanza kubanduka kwenye bamba. Orijino iliyochoka imechoka.

Kisha fundi akazichukua zile pedi mbili mpya, moja kila mkono, na hapa tusogee karibu tuone anachokiona.

Ile yenye jina ina mgongo uliopakwa rangi sawasawa mpaka kwenye kona. Juu ya mgongo pana kibati chembamba cha kuzuia mlio. Pembeni pana kidole cha chuma kilichopinda, ambacho pedi ikibaki nyembamba hugusa diski na kulia, ili dereva ajue siku zimekaribia. Kingo mbili za uso zimechongwa mshazari. Maandishi yamepigwa kwa wino usiofutika kwa kidole, na namba zake zinafanana na za kwenye boksi. Kwa pedi za mbele za Toyota namba huanza na 04465, na tarakimu zinazofuata hutafutwa kwa namba ya chesisi, si kwa kukisia kwamba "hii ya Noah inaingia". Ile isiyo na jina ina bamba jembamba zaidi, rangi imeacha kona, kutu imeshaanza kabla ya kufungwa. Fundi anapitisha ukucha kwenye uso wake, unga unatoka kama chaki. Anaziweka mbili pamoja kwenye gunia: umbo moja, ukubwa mmoja. Atakayeziona zikiwa zimefungwa ndani ya tairi hataweza kuzitofautisha.

FUNDI: Tazama ukingo huu. Pana herufi mbili zimeandikwa pamoja, tuseme FF. Herufi ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili ni msuguano ikiwa imepata moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona ya kwanza F na ya pili E, ujue ikipata moto inalegea. Sisi wa chini ya mlima, herufi yetu ni ile ya pili.

DEREVA: Na anayeiga boksi hawezi kuiga herufi?

FUNDI: Anaweza. Ndiyo maana herufi peke yake si ushahidi, kama nembo peke yake isivyo ushahidi. Unakusanya dalili: herufi, namba, kibati, rangi, uzito, na kubwa kuliko zote, mtu aliyekuuzia. Atakupa risiti ya mashine yenye jina la bidhaa? Ukirudi kesho atakuwepo? Boksi halina mdomo, lakini muuzaji anao.

MUUZA SPEA: Hilo nalipokea. Na nitaongeza jambo la kuwafungua wanaodhani sheria za wenzetu zinalazimisha boksi la kampuni ya gari. Kuna Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya kwa pedi za kubadilishia. Inaichukua pedi ya asili kama rula. Pedi ya mbadala inapimwa kando yake, baridi na moto, na utendaji wake usipishane na ule wa asili kwa zaidi ya asilimia 15. Iliyofaulu inagongwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoithibitisha: E1 ni Ujerumani, E11 ni Uingereza. Kwa hiyo hata huko hawasemi "nunua kwa aliyeunda gari". Wanasema "nunua iliyopimwa dhidi ya ile ya kwanza". Na sisi hapa tuna vyombo vyetu. TBS inasimamia viwango, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inashughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Anayeuziwa pedi bandia ana pa kwenda. Tatizo ni kwamba anaifunga, inaisha, anaitupa, hasemi.

MAMA: Wanangu, mimi nimekaa hapa nawasikiliza. Mnisamehe, mimi si fundi. Naomba niulize kitu kimoja. Kati yenu, nani atakayekaa siti ya nyuma?

DEREVA: Mama, ni wewe na abiria wengine.

MAMA: Na nani kati yetu wa siti ya nyuma aliyeulizwa habari ya pedi? Nimefanya kazi ya wodini miaka mingi. Waliokuwa wakiletwa usiku kutoka barabarani hakuna aliyekuwa anajua gari lake lilifungwa pedi gani. Nauli walilipa sawa na wale waliofika salama. Mimi nikinunua dawa nasoma tarehe yake. Nikinunua unga naunusa. Breki siwezi kuinusa. Namwamini dereva, dereva anamwamini bosi, bosi anaamini bei. Sasa mimi nimemwamini nani?

Pakawa kimya kidogo. Kisha mama akaongeza neno la kazi yake.

MAMA: Na wewe fundi, mwanangu, nimekuona ukipuliza vumbi la hiyo breki kwa mdomo. Usifanye hivyo. Zamani pedi zilitiwa asbesto, na asbesto inaingia kifuani inakaa miaka, halafu inageuka ugonjwa usiopona. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005. Lakini boksi lisilo na mwenyewe, nani atakuapia kwamba ndani yake haimo? Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, funga mdomo na pua.

FUNDI: Asante mama. Hilo nimelishika.

DEREVA: Sasa mimi niseme la moyoni, maana mnanitazama mimi kama ndiye mwenye kosa. Gari si yangu. Kila jioni napeleka hesabu. Isipotimia, kesho funguo anapewa mwingine. Spea ni juu ya bosi, na bosi akisema za kawaida ni za kawaida. Jambo la pili: mimi nimeona magari yenye pedi za bei kubwa yanashuka mlima yanatoa moshi kwenye tairi, na dereva wake anashuka anamwaga maji kwenye rimu. Kwa hiyo msiniambie pedi orijino inatosha. Haitoshi.

FUNDI: Hapo, mwanangu, umenena. Nami nikubali hadharani, kwa sababu wengi tunauza pedi kana kwamba tunauza hirizi. Pedi bora ya dunia nzima, ukiilalia mguu kutoka juu mpaka chini, itaungua. Gari lako ni la gia otomatiki. Ukishuka na gia kwenye D, injini haikusaidii sana. Weka 2 au L kabla mteremko haujaanza, injini ishike uzito, wewe ukanyage kwa nguvu muda mfupi, uachie, diski ipumue. Na ukifika chini diski ikiwa nyekundu, usiimwagie maji. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapinda au kupasuka, na kesho usukani unatetemeka.

MUUZA SPEA: Na mafuta ya breki.

FUNDI: Hayo ndiyo yanayosahauliwa. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, na huku kwetu masika hayana mchezo. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205. Yakishalowa, kipimo chake cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakilowa. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Pedali inazama mpaka sakafuni, na hapo pedi hata iwe ya dhahabu haiguswi na chochote. Mimi nikifunga pedi mpya natazama na rangi ya mafuta. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yanamwagwa yote, yanawekwa mapya, tunatoa upepo kwenye magurudumu yote manne. Na diski ikiwa na mifereji au imebadilika rangi ya bluu, pedi mpya utaiua bure.

DEREVA: Basi kumbe mnakubaliana nami kwamba pedi si kila kitu.

FUNDI: Si kila kitu. Lakini ni kati ya vitu ambavyo dereva hawezi kuvirekebisha akiwa njiani. Gia utabadilisha. Mwendo utapunguza. Mzigo utaukataa. Pedi uliyokuja nayo ndiyo utakayoshuka nayo.

Hapo ndipo mjadala ulipofika, na mimi ndipo ninapotoa hukumu yangu.

Biashara ya pedi ilizaliwa kwenye mteremko. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood, katika eneo la milima la Derbyshire, alianza kutengeneza vipande bora vya breki kwa mikokoteni ya farasi. Husimuliwa kwamba aliwaona wakulima wakishuka vilima huku wakigandamiza viatu vikuukuu kwenye magurudumu. Kampuni aliyoanzisha ndiyo Ferodo, ambayo boksi zake bado zinauzwa duniani kote. Wakulima wale na watu wa Uwanda wa Makonde wana tatizo moja: mavuno yapo juu, barabara ipo chini, na kitu fulani lazima kisuguliwe ili mtu afike. Tofauti ni kwamba mkulima wa Derbyshire alikiona kiatu chake. Abiria wa Newala haoni kitu.

Katika ubishi wa orijino na zisizo orijino, nasimama na muuza spea. Boksi la kampuni ya gari ni zuri ukilipata kwa njia ya kuaminika na ukiwa na fedha zake. Asiye nazo hajafungiwa mlango: boksi la kiwanda kilichoipikia kampuni hiyo, au la kiwanda kingine chenye jina na alama ya kupimwa, linatosha kushuka mlima. Tusiwabebeshe wenye magari gharama ya nembo kwa jina la usalama. Lakini pedi isiyo na mwenyewe haina nafasi kwenye gari linalobeba watu kwa nauli, hata ikitolewa bure. Mtu akitaka kuijaribu, aijaribu kwenye gari lake, peke yake, Masasi mjini.

Katika lawama, nasimama na dereva. Tumezoea kumtazama yeye kila gari likikataa kusimama, wakati uamuzi wa pedi ulifanywa na mtu ambaye hakuwepo gereji na hatakuwepo garini. Katika mjadala huu wote sauti ya mtu huyo haikusikika, na hivyo ndivyo ilivyo kila siku: bosi hutuma fedha kwa simu na neno moja, "za kawaida". Anayetaka kupokea hesabu jioni, apokee na hesabu ya breki asubuhi. Seti nzuri ya pedi za mbele ikigawanywa kwa safari zote itakazofanya, na kila safari kwa abiria wake, mchango wa kila kichwa unakuwa mdogo mno ukilinganishwa na nauli anayolipa. Abiria ameshailipia pedi nzuri. Kumfungia mbaya ni kumdhulumu.

Na jambo hili litazidi kuwa zito, si kupungua. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ya kilomita 210, iliyoanza kuwekewa lami upande wa Mtwara hadi Mnivata, inakusudiwa kuwekewa lami yote. Tutashukuru, maana vumbi na tope vimetutesa vya kutosha. Lakini barabara mbovu ilikuwa breki ya kila mtu. Mashimo yalimpunguza mwendo hata dereva asiye na akili. Lami haimpunguzi mtu. Mteremko ule ule, kwa mwendo mkubwa zaidi, utadai kutoka kwenye pedi zile zile kazi kubwa zaidi.

Kwa hiyo, wewe mwenye gari linalokwenda Newala: kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, nenda mwenyewe gereji, siku moja tu. Mwambie fundi avue tairi la mbele. Shika pedi mkononi, tazama uso wake, soma ukingo wake, uliza ilinunuliwa wapi na risiti iko wapi. Tazama rangi ya mafuta ya breki. Ukiona kitu ambacho usingekubali mama yako akae juu yake mlimani, kibadilishe siku hiyo hiyo. Magurudumu ya mbele yana pedi nne, mbili kila upande, na zote zinaenea kwenye mikono miwili. Gari likianza kushuka, kila aliyemo ndani anashikiliwa nazo.